Jibu: Malori ya nje yananiharibia bei, nifanyeje?

Ndugu, una trela mbili hapo Mlolongo, nje ya Nairobi, unauliza utashindanaje na malori ya nchi jirani yanayobeba mzigo wa Kampala kwa bei ya kutupa. Usikimbilie kushusha yako.

Shika kalamu kwanza. Kila lita ya dizeli unayonunua Kenya ina shilingi 25 za tozo ya matengenezo ya barabara tangu Julai 2024, kwa hiyo linganisha bei za pande zote kabla ya kuvuka mpaka wa Uganda pale Malaba. Ada za barabara za nje ziandike kando kwenye kotesheni, kwa dola. Ukizificha ndani ya bei moja zikipanda unaumia wewe. Kadi ya Njano, bima ya magari ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), usiikose, inakuepusha kununua bima kila mpaka. Hata Tanzania, iliyotoka COMESA mwaka 2000, inaitambua.

Kikomo cha uzito, angalau, ni sawa kwa wote: lori na mzigo wake visizidi tani 56, kutegemea idadi ya ekseli, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016.

Ukitozwa kitu ambacho wenyeji hawatozwi, dai risiti. Sheria ya Jumuiya ya 2017 kuhusu vikwazo visivyo vya ushuru, yaani vizuizi vya biashara nje ya kodi ya forodha, inakupa pa kulalamikia. Mimi nililala mpakani siku mbili, nikalipa, nikarudi bila karatasi. Sikuwa na la kusema.