Kurudi karate ukiwa na miaka 47
Kakangu, uliacha karate ukiwa kijana, sasa una miaka 47, goti linauma na unakaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Rudi tu, hujachelewa. Ila kwanza daktari akupime presha na akuangalie hilo goti.

Kabla ya kulipa ada, kaa pembeni utazame darasa zima. Mwangalie mwalimu anavyomshughulikia mtu mzima: akimwambia ainuke kidogo na goti lielekee vidole vya mguu, huyo anajua kazi. Akimrusharusha sawa na vijana, ondoka. Mtindo wa karate uitwao Shotokan hukaa chini sana, magoti yamepinda. Mtindo wa Goju-ryu husimama juu zaidi, mimi ningeanzia huko. Tafuta klabu ng'ambo yako hiyohiyo, maana foleni ya feri jioni itakuchosha. Kifua kikibana mazoezini, acha papo hapo uende hospitali.