Nyimbo 14, wiki 8: tukate wapi?

SWALI: Kikundi chetu cha watu 12 hapa Kisumu kimetunga tamthilia ya muziki yenye nyimbo 14, kwa nyatiti (kinubi cha Waluo), orutu (fidla ya uzi mmoja) na ngoma. Tulipoisoma mara ya kwanza ilichukua saa mbili na dakika 40, na wasikilizaji wakaanza kutoka mmoja mmoja. Tuna wiki 8 kabla ya kuingia ukumbini. Tuanzie wapi?

JIBU: Mavazi yangoje. Wiki mbili za kwanza kaeni mezani na andiko, mmoja wenu ashike saa na kuandika dakika za kila onyesho na kila wimbo. Kisha someni kila onyesho bila wimbo wake. Hadithi ikisonga vilevile, wimbo huo ni pambo. Utoeni, hata kama ndio mtamu kuliko yote. Nyimbo nane au tisa zatosha mchezo wa saa moja na nusu. Mara nyingi mhusika hutueleza uchungu wake, halafu anauimba uleule. Hapo futeni maneno, wimbo ubaki.

Nyatiti ndiyo itakayowasumbua. Ina nyuzi nane, na kwa kawaida kila uzi hutoa sauti yake moja tu. Kwa hiyo tafuteni kwanza mwimbaji mkuu anaimba kwa raha kwenye kimo gani cha sauti, ndipo mlinganishe nyuzi. Mwingine akihitaji kimo tofauti, hamtapata nafasi ya kulinganisha upya watu wakitazama. Tafuteni nyatiti ya pili, au wimbo wake uchukuliwe na orutu, ambayo mpigaji huitafutia sauti kwa kidole. Maikrofoni iwe karibu na nyuzi, mbali na mguu wa mpigaji: pete anayovaa kidole cha mguu ikigonga ubao wa nyatiti huzimeza nyuzi.

Wiki ya nne waiteni watu 20 hivi wasio ndugu zenu, waigizaji wakiwa na andiko mkononi. Msiwaulize kama wamependa (watasema ndiyo, ni adabu). Waulizeni walichoka wapi, na mhusika mkuu alikuwa anatafuta nini. Rekebisheni, kisha mwisho wa wiki ya tano fungeni andiko. Mstari ukibadilika baada ya hapo, mpiga ngoma aliyekuwa akiusubiri ndipo aanze atapotea.

Haki za watunzi ziandikwe sasa, kabla mtu hajaongeza kiitikio mazoezini na kudai wimbo mzima.

Wiki ya mwisho fanyeni mazoezi ukumbini kwenyewe. Kama paa ni la mabati, mvua ya jioni itafunika hata kwaya. Kwa hiyo mchezo uanze saa nane mchana.