Maliza maswali kabla ya sindano ya kutuliza

Siku niliyofanyiwa upasuaji wa ngiri, nilizungumza na daktari wa upasuaji dakika kadhaa, nikamuuliza kuhusu mshono, akanijibu. Haya nimeambiwa na mke wangu. Mimi sikumbuki hata neno moja. Nilikuwa nimeshachomwa midazolamu, dawa ya kuondoa wasiwasi ambayo ikiingia mshipani huanza kazi ndani ya dakika chache, na mara nyingi hufuta kumbukumbu ya yanayofuata. Macho wazi, unajibu vizuri tu, lakini hakibaki kitu kichwani.

Basi uliza yote kabla. Fomu ya ridhaa nayo isaini mapema, na umwambie ndugu aliyekusindikiza asikubali uletewe baadaye, maana wewe wakati huo hutakuwa wa kukataa.

Ukipewa paracetamoli ilhali huumwi popote, usishangae: inatangulizwa ili ukizinduka iwe imeshafanya kazi.

Sasa jambo linaloniuma. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa hofu, nilimeza kidonge cha usingizi cha mtu mwingine. Muuguzi aliponiuliza kama nimetumia dawa yoyote, nikasema hapana. Niliona aibu. Baadaye akaja mtaalamu wa usingizi, akavuta kiti, akauliza tena taratibu: "Kaka, hata kidonge kimoja? Hata cha jana?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba dawa za kutuliza na zile kali za maumivu, kama mofini na fentanili, zote hupunguza kupumua, na zikikutana mwilini zinaongezeana nguvu. Akanipunguzia dozi, akanibana kidoleni kile kifaa chenye taa nyekundu kinachopima oksijeni.

Nakusihi, usimfiche huyu mtu kitu. Mwambie kuhusu pombe, dawa za mitishamba, mzio, kukoroma hadi pumzi inakatika, hata kama uliwahi kutapika sana baada ya nusu kaputi. Ukila kwa siri mwambie pia. Chakula kigumu kinatakiwa kiwe kimepita angalau saa 6.

Na chooni nenda kabla ya sindano. Ikishaingia usishuke kitandani, hata ukijiona mzima. Mimi nilitaka kushuka, muuguzi akanishika bega, akapandisha vizuizi vya kitanda. Hilo nalo nimesimuliwa.