Shangazi, wamelelewa nyumba moja, mbona mmoja kapotea?

Mama wa wavulana wawili,

Unasema mkubwa wako, miaka 19, anakunywa pombe karibu kila siku na bangi juu yake. Mdogo, miaka 14, ni mpole, hata nje hatoki. Baba yao anadai umemdekeza mkubwa. Wewe unauliza: nyumba ni moja, imekuwaje?

Nyumba ni moja, ndiyo. Malezi hayakuwa mamoja. Umeandika mwenyewe kwamba mkubwa alichapwa kwa kila kosa, mdogo akasemeshwa taratibu kwa sababu hasumbui. Mtoto machachari, anayetaka kujaribu kila kitu leo hii, huambulia fimbo nyingi kuliko wenzake, na fimbo humfundisha kuficha. Akishabalehe, wazazi ndio wa mwisho kujua. Huko kudekeza anakokusema mumeo mimi sikukuona.

Urithi nao umo: watafiti hukadiria kuwa karibu nusu ya hatari ya uraibu hutokana na vinasaba. Hukutaja kama kuna walevi kwenye ukoo. Ulizieni pande zote mbili kabla ya kutupiana lawama.

Lakini aliyenishtua zaidi ni mdogo. Watu huwaangalia wapenda msisimko tu. Kijana mwenye wasiwasi, au aliyekwisha kukata tamaa, naye yumo hatarini, kwa njia yake: siku atakapogundua kuwa kinywaji kinatuliza hofu, atakunywa peke yake, na hatafanya fujo ya kukuamsha usiku. Kumhubiria kuhusu makundi mabaya ni kupoteza muda, kundi lenyewe hana. Muulize anaogopa nini, kisha msindikize kidogo kidogo kwenye yale anayoyakwepa. Ukimwacha ajifungie chumbani kwa kuwa "ni mtoto mzuri", hofu inakomaa.

Mkubwa mpelekeni kwa daktari au mtaalamu wa uraibu. Msimfungie ndani ili aache ghafla, hasa kama asubuhi mikono hutetemeka mpaka anywe. Kwa mtu aliyefika hapo, kukatiza pombe bila uangalizi kunaweza kuleta degedege, hata kifo. Akipata nafuu mtafutieni shughuli ya kumchemsha damu; kazi ya kukaa mezani kutwa hataiweza, hata kama baba yake ameshamchagulia.

Na huko kwa daktari aende na baba yake. Kwa ulivyonieleza, wawili hao hukutana wakati wa adhabu tu.

Shangazi