Kitenzi ba'al: ni kuoa au kumiliki?

Dada umeuliza kama ni kweli alichowaambia mhubiri kwenye semina ya wachumba, kwamba neno la Kiebrania la kuoa maana yake ni kumiliki na kwa hiyo mke ni mali ya mume. Mimi Kiebrania nilisoma chuo cha Biblia na sasa nafundisha wachumba kanisani, hili swali nakutana nalo sana, ngoja nijibu kwa urefu kidogo.

Kitenzi ni ba'al, na ubwana umo ndani yake, hilo sifichi. Isaya 26:13 watu wanalia kwamba mabwana wengine wamewatawala, ni hichohicho. Kumbukumbu la Torati 24:1, mtu akitwaa mke akamuoa, hichohicho tena. Nomino yake ndo usiseme, Kutoka 21:28 ni mwenye ng'ombe, na sura hiyohiyo mstari wa 3 ni mume wa mtu. Mama zetu nao wanasema "bwana yangu" mpaka leo na hakuna anayejiona kanunuliwa.

Sasa angalia Mungu mwenyewe anavyokitumia, maana hapo ndo wengi hawafiki. Yeremia 3:14 anawaita watu waliomkimbia warudi, kwa sababu yeye ni mume wao, halafu 31:32 anasema agano wamelivunja ingawa alikuwa mume kwao (Waebrania 8:9 utakuta "sikuwajali", ile inafuata tafsiri ya Kigiriki, huo mjadala mwingine). Jamani mtu habembelezi ng'ombe wake arudi, anamswaga! Huyu anayebembeleza ni mume aliyeachwa na bado anataka ndoa. Na Isaya 62 nchi iliyokuwa inaitwa Ukiwa inapewa jina Beula, yaani aliyeolewa, limetoka kwenye kitenzi hikihiki, na Mungu anaifurahia kama bwana arusi anavyomfurahia bibi arusi.

Halafu Hosea 2:16, huu mstari mabinti wengi darasani kwangu hawajawahi kusomewa na inaniuma kweli. Mungu anawaambia Israeli, siku hiyo utaniita Ishi, yaani mume wangu, hutaniita tena Baali, yaani bwana wangu, ambalo ni ba'al hilohilo. Sababu ya kwanza iko mstari unaofuata, anafuta majina ya Mabaali, miungu ya Wakanaani, midomoni mwao, sawa, lakini jina analolichagua badala yake ni ish, mwanamume, lilelile la Mwanzo 2:23 pale Adamu anaposema huyu ni mfupa katika mifupa yangu.

Kwa hiyo dada kama semina bado inaendelea muombe mhubiri awasomee Hosea 2 yote, na mchumba wako awepo.