Brauza inafungua, Java inagoma

SWALI: Habari fundi, natengeneza programu ya Java inayotuma taarifa za malipo kwenye seva ya kampuni tunayofanya nayo kazi, sasa kwenye brauza ile anwani inafunguka safi kabisa ila programu inagoma, inaandika "PKIX path building failed". Jamaa wa ofisini kanipa kipande cha kodi kinachokubali cheti chochote na kweli inapita. Niache hivyo hivyo? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana ndugu yangu, kitoe leo leo. Cheti ndicho kitambulisho cha seva, ukikubali chochote data bado zinafungwa kwa siri kweli, ila hujui tena unaongea na nani, yeyote akikaa katikati ya njia na cheti cha kujitengenezea programu yako inampokea, na hizo ni pesa za watu.

Java kwa kawaida haiangalii vyeti vya brauza, ina stoo yake ya vyeti inavyoviamini, faili linaitwa cacerts, liko lib/security ndani ya folda ya Java. Hilo kosa lako maana yake Java imeshindwa kuunganisha cheti cha seva na chochote kilichomo humo. Anza kwa kuangalia seva inatuma nini: openssl s_client -connect anwani:443 -showcerts. Mara nyingi utakuta wametuma cheti chao peke yake, kile cha kati, kinachounganisha cheti chao na mamlaka inayoaminika, hawajakiweka, brauza nyingi hujitafutia au zinacho tayari, Java usipoiambia haitafuti. Hapo kosa ni la kwao, wabane warekebishe seva, wewe usiguse kitu.

Ila kama cheti kimetolewa na mamlaka yao ya ndani, yaani wanajitolea vyeti wenyewe, waombe cheti cha mzizi, kile cha juu kabisa cha mamlaka hiyo, na kikija kwa imeili usikiamini bado, mpigie mtu unayemjua kule akusomee alama ya SHA-256, ile alama ya kidole ya cheti, mlinganishe. Kisha kiingize kwa keytool -importcert (keytool ni zana ya vyeti inayokuja na Java), lakini sio kwenye cacerts yenyewe, maana ukiweka Java mpya inakuja na faili lake na cheti chako hakimo, programu inalala usiku wa manane. Nakili cacerts, ongeza kwenye nakala, halafu ielekeze Java huko kwa javax.net.ssl.trustStore. Ukiweka stoo tupu yenye cheti kimoja tu, seva nyingine zote za nje zitagoma, kwa sababu Java ikishapewa stoo yako inaacha ile ya kwake. Kwenye Java za kabla ya toleo la 18 paswedi ya mwanzo ya stoo ni changeit, ibadilishe.

Na hiyo nakala ni mzigo wako sasa, watu wengi wanasahau hapa. Mwaka 2011 DigiNotar, kampuni ya Uholanzi ya kutoa vyeti, ilivamiwa na wadukuzi, vikatolewa vyeti feki vikiwemo vya Google, wenye brauza wakaitoa kwenye apdeti zao, ila mwenye stoo yake pembeni ilibidi aitoe mwenyewe kwa keytool -delete. Kila unapoapdeti Java, itengeneze nakala upya kutoka cacerts mpya na uongeze tena cheti chako.