Wanafunzi wanavuruga maabara ya kompyuta: nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi. Nafundisha kompyuta katika sekondari ya kutwa mkoani Morogoro. Tuna kompyuta 18 zinazofanya kazi, zote Windows 10, na mkondo mmoja una wanafunzi 45. Wote wanaingia kwa akaunti moja isiyo na nywila. Nikigeukia ubao tu, huyu kafungua gemu aliyokuja nayo kwenye flashi, yule kabadilisha picha ya skrini, mwingine kachomoa waya wa kibodi ya jirani. Mwezi uliopita mtu aliweka nywila kwenye mashine tano, tukakosa pa kuingilia. Vipanya viwili vimetoweka. Mkuu wa shule anataka kidato cha pili wasikanyage maabara hadi washike adabu. Je, ipo programu ya kuniwezesha kuona skrini zote nikiwa mezani kwangu, na inauzwaje?

JIBU: Salama, mwalimu. Programu ipo, tena ya bure, inaitwa Veyon. Ila ukiisimika leo juu ya hali uliyoieleza, wataizima kabla wiki haijaisha. Fungua Settings, kisha Accounts, uone kama chini ya jina la akaunti ya wanafunzi pameandikwa Administrator. Nina hakika karibu kamili kwamba pameandikwa hivyo, maana ndivyo kompyuta inavyotoka dukani na hakuna aliyeigusa. Mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kufuta programu, kusimamisha huduma yoyote na kukufungia nje, na hahitaji utundu wowote kufanya hivyo.

Kwa hiyo anza hapo. Kila mashine iwe na akaunti mbili: ya msimamizi, yenye nywila unayoijua wewe na mtu mmoja zaidi ofisini, na ya kawaida kwa wanafunzi. Ukishaunda ya wanafunzi, tuseme umeiita mwanafunzi, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi uandike:

net user mwanafunzi /passwordchg:no

Tangu hapo hawawezi kubadili nywila ya akaunti hiyo, na amri hii inakubali hata kwenye Windows 10 Home. Weka pia nywila kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows, na uzuie mashine isiwake kupitia flashi. Wapo vijana wa kidato cha pili wanaojua njia hiyo kuliko walimu wao.

Akaunti ya kawaida haizuii gemu isiyohitaji kusimikwa. Kama mashine ni Windows 10 Pro, fungua gpedit.msc (kihariri cha sera za Windows), nenda Computer Configuration, Administrative Templates, System, kisha Removable Storage Access, uwashe "Removable Disks: Deny execute access". Programu haitakimbia tena moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Mjanja atainakili kwanza kwenye kompyuta ndipo aifungue, kwa hiyo ongeza kanuni: flashi inachomekwa kwenye mashine ya mwalimu peke yake, na kazi zinapitia folda ya pamoja. Utapunguza na virusi humo humo. Picha ya skrini nayo inafungwa kwenye gpedit, lakini mimi nisingepoteza usingizi kwa picha ya Simba au Yanga.

Sasa Veyon. Haihitaji intaneti, inatosha mashine zote ziwe kwenye swichi moja ya mtandao. Kwenye yako simika kila kitu. Kwenye za wanafunzi, wakati wa kusimika, ondoa tiki kwenye Veyon Master, la sivyo nao wanaweza kujaribu kukuchungulia. Kisha, kupitia Veyon Configurator, tengeneza jozi ya funguo, yaani mafaili mawili ambayo mashine hutumia kukutambua: ule wa siri ubaki kwako, ule wa wazi uusambaze kwenye mashine 18. Utaona skrini zote ndogo ndogo kwa pamoja, utaweza kuzifunga zote unapotaka wakusikilize, kuwaonyesha skrini yako badala ya kugeukia ubao, na kuzima mashine zote kipindi kikiisha. Waambie mapema kwamba unaona. Kuchungulia kimya kimya kunazaa uhasama, na tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hata hivyo, hesabu inayonisumbua ni ile ya 45 kwa 18. Wengine watakuwa watatu kwenye mashine moja, na huyo wa tatu ndiye anayechomoa waya. Waketishe wawili wawili, hao ni 36. Tisa waliobaki wawe na kazi ya karatasi inayohusu somo lile lile, na zamu izunguke kila kipindi. Kwa kila jozi, mmoja ashike kipanya na kibodi, mwenzake asome maelekezo na kukagua; baada ya dakika 10 wabadilishane. Kazi iwe ubaoni kabla hawajaingia, pamoja na swali la nyongeza kwa wanaomaliza mapema. Ukiweza, panga meza kufuata kuta ili skrini zikutazame wewe ukiwa katikati.

Kisha ondoa kujificha. Andika namba kwenye kila mashine, kipanya na kibodi. Rangi ya kucha haifutiki kirahisi. Kila mwanafunzi awe na kiti chake cha kudumu, kilichoandikwa kwenye daftari. Anapokaa, anakagua vifaa na kutoa taarifa kabla ya kuwasha. Asiposema kitu, kasoro itakayoonekana baadaye ni yake. Kwa vipanya viwili vilivyopotea sishauri mchango wa darasa zima, maana wasiohusika watajifunza kwamba kutunza hakuna faida.

Kuhusu intaneti, kama mnatumia rauta, weka humo DNS (huduma inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani) 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za kampuni ya Cloudflare, zinazozuia tovuti za ngono na zenye virusi. Hazizuii YouTube wala gemu, na kivinjari kinaweza kuzikwepa kwa DNS yake chenyewe. Kipindi kisichohitaji intaneti, chomoa rauta.

Yule aliyeweka nywila, ukimpata, watu watakwambia umpe cheo cha msaidizi wa maabara. Nakubali nusu: mpe kazi, usimpe nywila ya msimamizi.

Na kwa mkuu wa shule, usiende na maneno matupu. Omba mwisho wa wiki mmoja wa kurekebisha akaunti, ukianza na zile mashine tano, na umwonyeshe daftari la viti kabla ya kumtajia Veyon. Adhabu ibaki kwa mtu mmoja: anayevunja kanuni anafanya kipindi hicho kwa karatasi huku mwenzake akiendelea kwenye mashine, na kipindi kinachofuata anarudi kitini kwake.